YAH: Kuhamia Herrnhut, jimbo la Sachsen, Ujerumani

Ndugu wanajumuiya,

Mwanangu amepata nafasi ya kujitolea kwa mwaka mmoja huko Herrnhut, na atafika mwezi Septemba. Sisi wa Kanisa la Moravian mji huo tunausikia kanisani tu. Naomba aliyewahi kuishi huko atueleze ni mji wa namna gani, na kijana aanzie wapi akishafika.

Mama, Mbeya

---

Shikamoo mama,

Niliishi Herrnhut miaka mitatu, nami naupenda mji ule. Naanza na lisilosubiri. Ndani ya wiki mbili tangu ahamie chumbani kwake, kijana anapaswa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, jambo ambalo huku sote tunaliita Anmeldung. Aende na pasipoti pamoja na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba amehamia, kwa kuwa mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Baada ya hapo namba yake ya kodi huja kwa posta. Huja pia barua ya ada ya redio na televisheni, ambayo ni euro 18.36 kwa mwezi. Asiitupe akidhani ni tangazo. Awaulize kwanza wenzake anaokaa nao, kwani nyumba moja hulipa ada moja.

Mji wenyewe uko kusini mashariki mwa Sachsen, kati ya Löbau na Zittau, karibu na mipaka ya Poland na Cheki, na una watu kama 6,000 pamoja na vijiji vilivyounganishwa nao. Treni ya abiria haifiki tena, hivyo atategemea basi, na Jumapili mabasi ni machache.

Historia yake, mama, inatuhusu moja kwa moja. Tarehe 17 Juni 1722 seremala Christian David, mmoja wa Waprotestanti waliokimbia mateso ya kidini huko Moravia (leo ni sehemu ya Cheki), aliangusha mti wa kwanza katika shamba la bwana mdogo Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu. Miaka kumi baadaye kijiji hicho cha wakimbizi kikatuma wamisionari wake wa kwanza katika visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 wajumbe wake wakafika Rungwe, huko kwenu karibu na Mbeya. Mwanao asishangae mzee wa Kijerumani akimuuliza habari za Rungwe au Tabora, kwa maana wapo wanaozifahamu sehemu hizo vizuri.

Mwezi Mei 1945 moto uliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, pamoja na ukumbi wa ibada, ambao ulijengwa upya katika miaka ya 1950, ukiwa na mabenchi meupe na bila madhabahu. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia, pamoja na makazi mengine ya Wamoravian, Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Kwa mpangaji hili si jambo la sifa tu: nyumba za kale zinalindwa kisheria, kwa hiyo asifunge dishi la setilaiti ukutani kabla ya kumuuliza mwenye nyumba.

Kilichonigusa kuliko vyote ni makaburi ya kilima cha Hutberg. Mawe yamelazwa chini, yanafanana, ndugu wa kiume upande mmoja na wa kike upande mwingine, na wafu hufuatana kadiri walivyofariki, awe mwalimu au mfua nguo. Alfajiri ya Pasaka watu hukusanyika pale kwa tarumbeta, na mwanao, akiwa ametoka Mbeya, ataielewa ibada hiyo bila mkalimani.

---

Wapendwa,

Naongeza mawili kuhusu uraia wa kila siku. Wanaopiga kura za baraza la mji ni Wajerumani na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kijana hatapiga kura, ila vikao vya baraza kwa kawaida viko wazi kwa kila mtu, naye akihudhuria atajifunza Kijerumani cha kazi pamoja na mambo yanayowasumbua jirani zake. La pili, kibali cha ukaazi hakitolewi na manispaa ya Herrnhut bali na ofisi ya wageni ya wilaya ya Görlitz, na miadi huchelewa. Aiombe mara tu atakapopata karatasi ya Anmeldung, wala asingoje viza yake ikaribie kuisha.