Kumkanda hamali kiuno: niguse wapi, nisiguse wapi?

Mwana wa Mkomani
Assalaam alaykum. Baba anashusha saruji gatini hapa Lamu, mifuko ya kilo 50. Jioni kiuno kinamkaza, hata kuinama avue viatu ni taabu. Nataka kumkanda nyumbani. Nianzie wapi, na nibonyeze kiasi gani? Na ni kweli kukanda kunatoa asidi kwenye misuli?

Mkandaji wa Langoni
Waalaykum salaam. La asidi liache, mwili huiondoa wenyewe. Saa moja hivi baada ya kazi imekwisha. Kukanda hutuliza neva, misuli ikalegea, maumivu yakapungua kwa muda, mzee akapata usingizi. Hiyo si faida ndogo.

Mlaze kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee. Mafuta ya nazi vijiko viwili vikubwa yatosha mgongo mzima; yapashe viganjani kwanza. Dakika 5 za mwanzo pitisha viganja tu, toka kiunoni kwenda mabegani. Kisha dole gumba, upana wa vidole viwili kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe. Ukikuta fundo linalomrusha, usilisugue. Libonyeze, utulie nusu dakika hadi dakika nzima, utalisikia likilainika chini ya kidole. Akizuia pumzi au akikunja vidole vya miguu, umezidisha. Hapa ndipo wengi huharibu, wakidhani maumivu ndiyo dawa: misuli ikiumizwa hujikaza zaidi, na kesho yake mzee haamki. Penye figo, chini ya mbavu za mwisho, usipigepige.

Shuka na matakoni. Mara nyingi kiuno ndicho kinacholia, lakini kosa liko huko.

Bi Shela
Mafuta ya karafuu msipake matupu, yanaunguza ngozi. Matone 3 kwenye vijiko hivyo viwili.

Na mwanangu, mtazame miguu kabla hujamgusa. Shavu la mguu mmoja likiwa limevimba, lina moto na linauma, usilikande hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda mshipani, na ikibanduka yaweza kwenda mapafuni. Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile akipata ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo ukimgomea.

Mwana wa Mkomani
Ahsante mama. Miguu iko sawa, ila anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kuna neno?

Mkandaji wa Langoni
Lipo. Muulize daktari wake kwanza. Akikubali, dole gumba liache kabisa, pitisha viganja tu. Ukimbonyeza kwa nguvu atavilia damu ndani.