SOAP: mteja wa PHP anapata salio, wa .NET anapata null

Muulizaji
Ndugu zangu, nawasalimu. Ninatunza huduma ya wavuti ya chama cha akiba na mikopo, inayotumia SOAP (utaratibu wa kupelekeana ujumbe wa XML), iliyoandikwa kwa Java juu ya maktaba ya Apache Axis 1.4. Tawi moja linaitumia kwa PHP, na la pili limeanza hivi karibuni kuitumia kwa .NET. Mwenzangu wa PHP hupata salio la mwanachama bila taabu, ila tarehe za kuzaliwa zinarudi nyuma siku moja: aliyezaliwa tarehe 14 Machi anaonekana wa tarehe 13. Mwenzangu wa .NET hajafika hata kwenye tarehe. Ombi lake linapokelewa, kumbukumbu za seva zinaonyesha kuwa jibu limetoka, hakuna hitilafu popote, lakini salio analolipata ni null, yaani hakuna thamani. WSDL (faili la XML linaloieleza huduma kwa wateja wake) ni moja, nami niliiandika kwa mkono. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Weka msimbo kando kwanza, unase ujumbe wenyewe unavyopita kwenye mtandao. Tuonyeshe elementi ya salio jinsi inavyotoka, pamoja na thamani ya elementFormDefault iliyomo kwenye WSDL yako, ile inayosema kama elementi za ndani zibebe xmlns au la.

Muulizaji
Inatoka hivi: `<salio xmlns="">250000</salio>`. WSDL inasema "qualified".

Jibu la kwanza
Basi tatizo ni hilo. WSDL yako inaahidi kwamba elementi za ndani zitabeba xmlns ya huduma (nafasi ya majina, inayoonyesha jina ni la nani), ilhali Axis inazituma zikiwa hazina. .NET huitambua elementi kwa jina pamoja na xmlns yake, na isiyoitambua huiruka kimyakimya, ndiyo maana hukuona hitilafu yoyote. PHP yenyewe imeridhika na jina tu, ikaficha kosa lililokuwapo tangu mwanzo. Usimlaumu mwenzako wa .NET, yeye ndiye aliyeisoma WSDL yako kama ilivyoandikwa.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila ningeirekebisha WSDL badala ya huduma, kwa kuwa ujumbe unaotoka tayari una mtu anayeutegemea. Andika "unqualified", kisha wa .NET azalishe upya msimbo wake wa mteja. Ungeuacha mstari huo bila kuuandika kabisa, hiyo ndiyo ingekuwa thamani yake, wala tusingekuwa hapa. WS-I, muungano ulioshughulikia kuelewana kwa huduma za wavuti, walitoa mwongozo wa Basic Profile 1.0 mwaka 2004, wakapiga marufuku usimbaji wa SOAP (namna yake ya kuandika data ndani ya ujumbe) uliokuwa ukizigombanisha zana hizi, lakini hakuna mwongozo unaoweza kumwokoa mtu ambaye WSDL yake inasema hili na ujumbe wake unasema lile.

Kuhusu tarehe, nina hakika umeitangaza kuwa xsd:dateTime, aina inayobeba tarehe pamoja na saa. Axis huigeuza kuwa saa ya UTC kabla ya kuituma, na kwa kuwa Afrika Mashariki tumeitangulia UTC kwa saa 3, usiku wa manane wa kuamkia tarehe 14 unaandikwa 1998-03-13T21:00:00.000Z. Mwenzako wa PHP, bila shaka, anakata herufi 10 za mwanzo na kuzionyesha. Siku ya kuzaliwa haina saa. Itangaze kuwa xsd:date, yaani tarehe peke yake, kisha unase ujumbe tena uhakikishe kuwa hakuna saa iliyobaki.

Muulizaji
Nimefanya yote mawili. Wa .NET amepata salio lake, na kwenye ujumbe nilionasa tarehe imetoka 1998-03-14 bila saa, lakini mwenzangu wa PHP anasema kwake mfumo bado unaifuata WSDL ya zamani, ingawa akiifungua kwa kivinjari anaiona mpya.

Jibu la kwanza
Hiyo ni kache. PHP huihifadhi WSDL kwa sekunde 86400, yaani siku nzima, kwa kawaida ndani ya /tmp katika faili ambazo majina yake huanza na "wsdl-". Azifute, na wakati wa majaribio aweke soap.wsdl_cache_enabled kuwa 0.