Naomba ushauri: dhamiri yangu na mafunzo ya uuguzi
Habari wakuu. Nasomea uuguzi hapa Dar, sasa niko wodi ya wanawake kwa mafunzo ya vitendo. Naamini uhai unaanza mimba inapotungwa. Kumhudumia mama ambaye mimba imeshaharibika sina shida: nimeshika trei ya vifaa, nimebadilisha pedi zilizolowa damu, nimemfuta jasho. Huyo ni mgonjwa wangu, hata kama aliitoa mwenyewe mtaani.

Kinachonitesa ni kusaidia kuitoa ili kuokoa maisha ya mama, jambo ambalo kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinalipa nafasi. Dharura ikiwa hakuna mwingine, simwachi afe. Lakini wenzangu wakiwepo, naweza kuomba kubadilishiwa bila kufelishwa? Nimwandikie mwalimu barua mapema? Manesi wenye imani kama yangu, mlifanyaje?