Naomba ushauri: kipimajoto cha mwambani na setilaiti havikubaliani

Habari zenu wanajamvi. Nimekwama kwenye hesabu ya joto lililolimbikizwa juu ya matumbawe.

Kuna vipimajoto viwili mwambani, kimoja kina cha mita 3 na kingine mita 12, vinarekodi kila dakika 30. Cha juu kilikuwa kinazidi setilaiti kwa nyuzi 0.8 mchana, ila usiku tofauti ni 0.1 tu. Nikashuku jua linakipasha moto kipimajoto chenyewe. Nilipokifunika kwa bomba jeupe la plastiki lenye matundu, tofauti ya mchana ikashuka hadi 0.3. Vyote viwili nimevipima kwenye maji ya barafu, vikasoma sifuri, kwa hiyo si ubovu.

Tatizo ni cha mita 12. Maji yakijaa, joto linaanguka nyuzi 2 ndani ya saa moja, kisha linapanda tena. Kwa setilaiti nimeshafika digrii-wiki 5 (joto lililozidi wastani wa mwezi wenye joto zaidi, likijumlishwa wiki kwa wiki), yaani nimepita 4 ambapo kupauka, yaani matumbawe kugeuka meupe, hutarajiwa. Kwa kipimajoto hiki napata 2. Na kweli, huko chini matumbawe ya matawi yamefifia kidogo tu kwenye ncha, wakati ya mita 3 ni meupe kabisa.

Rekodi zangu ni za miezi 14, hazitoshi kupata huo wastani wa mwezi wenye joto zaidi ambao hesabu huanzia. Je, ni sahihi kuchukua wastani wa setilaiti na kuurekebisha kwa tofauti ya usiku? Na kwa mita 12, nitumie wastani wa siku nzima, au hayo maji baridi niyahesabu peke yake?