Gemu za PS2 zinakwama kwenye kompyuta ndogo ya i5: mashine haitoshi au mipangilio ndiyo mibovu?

KitufeDuara

Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ndogo, zile za ukubwa wa kitabu: i5-6500T, RAM GB 8, SSD GB 256, Windows 10. Imeungwa kwa HDMI kwenye TV ya inchi 43 sebuleni. PS1 nachezea DuckStation, PS2 nachezea PCSX2 (ni emuleta, yaani programu zinazoiga mashine hizo). Diski ni zangu na BIOS (programu ya kuwashia mashine) imetoka kwenye PS2 yangu mwenyewe, SCPH-77004.

Kuna shida tatu:

Ya kwanza, gemu za mpira za PS2 zinakwenda vizuri, ila kamera ikionyesha jukwaa zima, au mechi ikiwa ya mvua, spidi inashuka na sauti inakwaruza. Nimeweka rezolusheni ya 3x, yaani mara tatu ya ile ya PS2 halisi.

Ya pili, gemu karibu zote, hata za PS1, picha inatetemeka kamera inapozunguka, wakati spidi inasoma asilimia 100.

Ya tatu, nikibonyeza pasi mpira unachelewa kutoka mguuni. Pedi ni ya PS4, kwa Bluetooth.

Swali: niiuze nichukue Raspberry Pi 5, au Xbox Series S iliyotumika, au kuna cha kurekebisha kwanza?

FundiWaya

Usiuze kitu bado. Hizo shida tatu hazina mama mmoja, ndiyo maana zinakuchanganya.

Tuanze na ya pili. SCPH-77004 ni mashine ya PAL (mfumo wa TV wa Ulaya), na kama diski zako nazo ni PAL, gemu inatoa fremu 50 kwa sekunde. Windows inaipelekea TV Hz 60. Kwa hiyo kila fremu 5 za gemu zinatakiwa zijaze nafasi 6 za TV, na moja inaonyeshwa mara mbili. Hilo linatokea mara 10 kila sekunde. Mchezaji akisimama huoni kitu, kamera ikizunguka unaona mtetemo. Prosesa ya bei yoyote haiondoi hilo.

Ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, badili TV iwe Hz 50. Kama 50 haipo kwenye orodha, hapo hapo fungua sifa za adapta ya picha, bonyeza "List All Modes", tafuta 1920 kwa 1080, Hz 50. Matangazo ya TV ya kwetu tangu zamani ni ya mfumo wa 50, kwa hiyo TV nyingi za dukani zinaipokea bila ubishi. Kisha kwenye DuckStation na PCSX2 washa VSync (inaoanisha fremu na TV) pamoja na "Sync to Host Refresh Rate".

Kuna watu watakwambia ubadilishe "PAL Frame Rate" ndani ya PCSX2 iwe 59.94. Usifanye. Gemu nyingi zinahesabu muda kwa fremu, kwa hiyo mchezo wenyewe unakimbia karibu asilimia 20 zaidi. Utaona winga anakimbia kama bodaboda iliyokatika breki. Bora uangalie kwanza kama gemu yenyewe inakuuliza 50 au 60 inapowaka. Baadhi ya gemu za PAL za PS2 zina chaguo hilo, na zikiwa nalo chagua 60 uiache TV ilipo.

Kuchelewa kwa pedi: anza na TV, siyo pedi. TV inachukua muda kung'arisha picha kabla ya kukuonyesha. Washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha, au ipe hiyo HDMI jina la "PC". TV kadhaa zinazima urembo wote kwa jina hilo tu. Fremu moja kwa Hz 60 ni milisekunde 16.7, kwa Hz 50 ni 20, kwa hiyo TV ikila fremu nne au tano, mguu unazisikia.

Halafu tumia waya. Angalizo: waya nyingi za micro-USB za barabarani ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data ndani. Pedi itawaka taa ya chungwa kuonyesha inachaji, kompyuta haioni chochote, na wewe utadhani pedi imekufa. Tumia waya ambao umewahi kuhamisha picha za simu.

Kama una DS4Windows (programu ya kuifanya Windows iitambue pedi ya PS4), izime. PCSX2 inaisoma pedi ya PS4 yenyewe. Zikiwa mbili, kubonyeza mara moja kunahesabiwa kama pedi mbili.

Mchakato_64

FundiWaya kamaliza ya pili na ya tatu. Mimi nashika ya kwanza.

Usikisie, soma namba. Kwenye PCSX2 ingia Settings, Graphics, sehemu ya OSD (maandishi yanayoonekana juu ya picha), weka tiki kwenye spidi, matumizi ya CPU na matumizi ya GPU. Pembeni mwa kioo utaona EE, GS, VU na GPU, kila moja na asilimia yake. EE ni kazi ya prosesa kuu ya PS2, VU ni ile sehemu ya mahesabu ya vekta, GS ni uzi (thread, mkondo wa kazi) unaoandaa picha upande wa prosesa, na GPU ni chipu yako ya picha. Cheza mpaka pale panapozama, kisha tazama ipi imegota karibu na 100. Hiyo ndiyo inayokubania. Zingine hata ukizipunguzia kazi hupati kitu.

Nadhani utakuta ni GPU, na sababu yake inafurahisha. PS2 ni mashine ya mwaka 2000. Chipu yake ya picha ilikuwa na memori ya MB 4 tu, lakini iko ndani ya chipu yenyewe na inapitisha GB 48 kwa sekunde. Watengeneza gemu waliitumia bila huruma: mvua, moshi, vumbi, vyote ni tabaka za uwazi zinazochorwa moja juu ya nyingine, kioo kizima, mara nyingi kwa fremu moja. HD 530, chipu ya picha iliyo ndani ya prosesa yako, haina memori yake, inaazima RAM ya kawaida. Kama hizo GB 8 ni kijiti kimoja cha DDR4-2133, njia nzima ni GB 17 kwa sekunde, na prosesa nayo inapita humo humo. Vijiti viwili, GB 34. Kwa hiyo mvua ikinyesha uwanjani foleni inakuwa ya Ubungo ya zamani, kabla ya daraja la juu.

Fungua CPU-Z (programu ya kusoma vifaa vya kompyuta), ukurasa wa Memory, utuambie aina ya RAM na kama Channel ni Single au Dual. Usinunue kabla, maana prosesa za kizazi cha 6 zinakubali DDR4 na DDR3L, na kompyuta ndogo za kizazi hicho zimetoka za aina zote mbili. Vijiti havibadilishani, hata mkato wake ni tofauti.

Kuhusu kubadili mashine: Pi 5 kwa PS1 na kushuka chini ni safi kabisa, kwa PS2 hapana. PCSX2 haina toleo rasmi la prosesa za ARM kama ya Pi, na AetherSX2, emuleta nyingine ya PS2 iliyokuwa ikisaidia upande huo, ilisimamishwa na mwenyewe mwaka 2023. Series S ina nguvu ya kutosha, ila mpaka uiingize kwenye hali ya wasanidi. Njia ya kuweka emuleta kwenye hali ya kawaida Microsoft waliibana Aprili 2023. Na ukiwa kwenye hali hiyo gemu zako za dukani hazichezi mpaka uiwashe upya. Kama unaitaka kwa emuleta peke yake, kichwa kitakuuma.

mdau_wa_buti

Si achukue tu diski za NTSC (mfumo wa Marekani, fremu 60) yaishe? 60 ni 60.

FundiWaya

Kwa gemu anazoanza upya, sawa, wala sipingi. Ila memori kadi yake haitahama. Sevu inaandikwa kwa namba ya gemu: ya Ulaya inaanza na SLES au SCES, ya Marekani SLUS au SCUS. Gemu ya SLUS inatazama kadi, inakuta sevu ya SLES, inaiona kama ya mgeni. Misimu yote ya ligi inabaki huko.

KitufeDuara

Shukrani wakuu. Majibu haya hapa.

TV kwenye Hz 50: mtetemo umeisha, PS1 na PS2. Waya pamoja na hali ya gemu: pasi inatoka papo hapo.

CPU-Z: DDR4, kijiti kimoja cha GB 8, Single. Namba za mvua kwa 3x: EE 63, GS 57, VU 41, GPU 98, spidi 72. Nikishusha 2x: GPU 76, spidi 100.

Sasa kuna jipya. Nikicheza kama nusu saa kwa 2x, EE inapanda taratibu mpaka 97 na spidi inashuka tena, sehemu ile ile ambayo mwanzo ilikuwa 63. GPU haijabadilika sana.

Mchakato_64

Kazi haijaongezeka, prosesa ndiyo imepungua. Ni joto. Weka HWiNFO (programu ya kusoma joto na kasi), iache iandike huku unacheza, tazama nyuzi joto na GHz za kila koo (core) ya prosesa. i5-6500T inaanzia GHz 2.5 na ikijisikia vizuri inapanda hadi 3.1. Ukiona nyuzi zinasogelea 100 na kasi inashuka chini ya GHz 2.5, umepata jibu. Kumbuka hiyo T ndiyo tofauti: i5-6500 isiyo na T ni wati 65 na inakwenda 3.2 hadi 3.6, yako ni wati 35. Emuleta ya PS2 inategemea nyuzi (thread) mbili tatu tu za kazi, kwa hiyo inachotaka ni kasi ya kila koo, siyo wingi wa koo. Anayesoma hapa akiwa hajanunua, asome herufi ya mwisho kwenye stika kabla ya kutoa hela.

Cha kufanya: zima, chomoa waya wa umeme, fungua mfuniko. Shika pangaboi kwa kidole lisizunguke, kisha piga vumbi kwa brashi na hewa kutoka ndani kwenda nje. Vumbi baya halipo kwenye pangaboi, lipo nyuma yake, limejibana kwenye mapezi ya shaba kama blanketi. Kisha legeza skrubu za kipoozeo kwa mpishano, kidogo kidogo, futa pasta ya zamani kwa spiriti (ikiwa imekauka kama chokaa ndiyo hiyo hiyo), weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha. Na uitoe nyuma ya TV. Januari ya Dar chumba bila AC kinaweza kuwa nyuzi 32, na nyuma ya TV kuna joto la TV juu yake.

Utasikia ushauri wa kushusha "EE Cycle Rate" iwe asilimia 75. Namba ya spidi itapanda kweli, lakini unachofanya ni kuipa gemu PS2 dhaifu zaidi. Yenyewe inaanza kuruka fremu huku OSD inakusomea 100. Kama gemu moja inaihitaji, bofya kitufe cha kulia kwenye gemu hiyo, Properties, weka humo tu, usiguse mipangilio ya jumla.

RAM: kijiti cha pili cha SODIMM DDR4, GB 8. Ukienda Kariakoo nenda na kompyuta yenyewe, kichomekwe hapo hapo na CPU-Z isome Dual kabla hujalipa. Baada ya hapo rudi 3x, uone mvua.

pikseli_mbagala

Nyongeza fupi. SSD yako ikijaa usihangaike na nyingine: PS2 ilisoma DVD kwa kasi ya 4x, kama MB 5.3 kwa sekunde. Hadi haradisk ya nje ya USB 2.0 inatosha. Bana mafaili ya gemu kwa programu ya chdman: amri ya createdvd kwa ISO (nakala) za DVD na createcd kwa zenye faili la cue. Zile diski za PS2 zenye tumbo la bluu ni CD, nazo ni createcd. Gemu ya PS1 ya PAL ikiganda sehemu ile ile kila mara, shuku LibCrypt, ulinzi wa kuzuia kunakili diski. Itahitaji faili la SBI lenye jina sawa na la gemu.

KitufeDuara

Ilifika nyuzi 98, GHz 2.1. Baada ya kusafisha na pasta mpya: nyuzi 71, GHz 2.9, EE haivuki 66 kwa saa nzima. RAM Jumamosi.

Swali dogo: umeme ukikatika katikati ya kusevu?

pikseli_mbagala

Kadi ni faili moja la .ps2 kwenye folda ya memcards. Likikatwa katikati ya kuandikwa linaweza kuharibika lote, siyo sevu ya mwisho tu. Nakili folda hiyo kwenye flashi kila wiki, na usitegemee save state (picha ya hali ya mchezo inayohifadhiwa na emuleta) badala yake: ukisasisha PCSX2 za zamani zinaweza kukataa kufunguka, kadi haina shida hiyo. UPS ndogo inatosha, ilimradi TV usiichomeke humo.