Dawa ya meno isiyo na mnanaa wala mdalasini: nitumie ipi?

Mama wa Moshi aliuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa yeyote mwenye ujuzi au aliyepitia jambo hili. Kwa miezi mitano sasa midomo yangu inakauka na kubabuka, pembe zake zinapasuka, na ndani ya mashavu hutoka utando mweupe mwembamba unaojimenya kama ganda la nyanya iliyochovywa kwenye maji ya moto. Nilidhani ni upungufu wa vitamini, nikameza vidonge mwezi mzima bila nafuu. Baadaye nikagundua kwamba hali huzidi dakika chache baada ya kupiga mswaki, na kwamba ilianza nilipobadilisha dawa ya meno na kuanza kutumia ile nyekundu yenye karafuu na mdalasini. Nimerudi kwenye ya mnanaa niliyoizoea. Mwasho umepungua lakini haujaisha.

Madukani ninaambiwa kuwa dawa zote za meno zina mnanaa. Jirani yangu, ambaye najua ananitakia mema, amenishauri niachane kabisa na dawa za kiwandani na nisugue kwa magadi na chumvi, kwa kuwa maji ya huku kwetu yana floridi ya kutosha. Je, ushauri huo ni salama? Na nitaijuaje dawa inayonifaa bila kununua tyubu kumi na kuzitupa?

Tabibu wa Meno, Dodoma alijibu:

Pole sana, dada yangu. Umejichunguza vizuri. Dalili ulizoeleza huenda zina vyanzo viwili tofauti, na ni vyema kuvitenganisha.

Utando unaojimenya bila maumivu mara nyingi huletwa na kitoa povu kinachoandikwa kwenye boksi «Sodium Lauryl Sulfate». Huo si mzio. Ni sabuni inayokwangua ngozi laini ya kinywa, na kwa baadhi ya watu huongeza vidonda vya mara kwa mara. Midomo kupasuka, wekundu na hali ya kuungua huelekeza zaidi kwenye viungo vya ladha. Mdalasini, kwa kemikali yake iitwayo sinamali, ni miongoni mwa vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio wa kinywa. Karafuu ina eujenoli, nao mnanaa una mentholi na karvoni. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa na dawa moja anaweza kuvumilia nyingine, lakini pia anaweza kuwa na mzio wa viungo viwili kwa pamoja.

Ninapendekeza hivi. Kwa siku saba piga mswaki kwa maji matupu, taratibu, na katika siku hizo acha pia pipi za mnanaa, ubani wa kutafuna, maji ya kusukutulia, mafuta ya midomo yenye harufu na, tafadhali usisahau, chai yenye mdalasini. Wagonjwa wengi hubadilisha dawa ya meno huku kiungo kilekile kikiendelea kuingia kinywani kupitia kikombe cha chai, kisha wanasema zoezi halikufaa. Ukipona, rudisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Lakini iwapo midomo au ulimi utavimba, au pumzi ikabana, usiendelee kujaribu chochote. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Uthibitisho hasa hutolewa na daktari wa ngozi, kwa kipimo ambacho viambato hubandikwa mgongoni kwa plasta kwa siku mbili, kisha ngozi ikasomwa plasta zinapotolewa na tena siku moja au mbili baadaye. Wewe uliye Moshi uko karibu na kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya rufaa ya KCMC. Ningeanzia huko kuulizia.

Kuhusu magadi na chumvi, naomba usifuate ushauri huo kama suluhisho la kudumu. Floridi haihusiki na malalamiko yako, na ndiyo sehemu ya dawa ya meno inayozuia meno kuoza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni kweli kwamba baadhi ya vyanzo vya maji vya Kilimanjaro na Arusha vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, lakini chanzo kimoja hutofautiana sana na cha jirani yake, na huwezi kujua cha kwako hadi kipimwe. Madoa ya kahawia yanayoletwa na floridi nyingi huingia wakati meno yanapoundwa utotoni, si kwa mtu mzima ambaye meno yake yalikwisha kuota. Isitoshe, magadi tunayopikia makande nayo yana floridi, wakati mwingine kwa wingi, kwa hiyo usiwaruhusu watoto wako wadogo kuyatumia kinywani.

Baba wa Watoto Wawili, Nairobi alijibu:

Mwanangu wa miaka saba ana usonji, na kwake mnanaa ni pilipili. Si mzio, tulishahakikishiwa, lakini alikuwa akilia kila jioni akiuona mswaki. Tulifanikiwa kwa dawa ya watoto yenye ladha ya stroberi. Ninachotaka kukutahadharisha, dada, ni kwamba uangalie namba kabla ya kununua: dawa nyingine za watoto zina floridi ya 500 ppm (sehemu kwa milioni) tu, na nyingine hazina kabisa. Tulitafuta hadi tukapata ya zaidi ya 1000. Halafu stroberi ya kwenye boksi haimaanishi kwamba mnanaa haumo. Ya kwanza tuliyoinunua ilikuwa nao, naye aliitambua kabla hata haijagusa ulimi.

Mwanadiaspora wa Leicester alijibu:

Nilipitia hayohayo. Usitafute neno «mnanaa» nyuma ya boksi, kwa sababu ladha zote hufichwa chini ya neno moja, «Aroma» au «Flavor». Huku Uingereza sheria hudai baadhi ya viambato vya mzio vitajwe kwa majina vikizidi asilimia 0.01 katika bidhaa inayosuuzwa, ndiyo maana utakuta «Cinnamal», «Eugenol», «Limonene» au «Linalool» mwishoni mwa orodha. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza mentholi na karvoni kwenye viambato vinavyopaswa kutajwa. Mimi natumia oraNurse isiyo na ladha: ina floridi ya 1450 ppm na haina kile kitoa povu. Siku za kwanza nilihisi kinywa hakijasafishwa, kwa kuwa ule ubaridi niliouzoea haukuwepo, lakini daktari wangu wa meno hakuona tofauti yoyote kwenye fizi.

Mama wa Moshi alijibu:

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada zangu. Nimerudi baada ya wiki mbili. Siku nne za mwanzo sikuona mabadiliko, kisha nikakumbuka kwamba mchanganyiko wa chai ninaonunua sokoni una mdalasini; nikauacha, na siku ya saba pembe za midomo zilikuwa zimefunga. Juzi nilijaribu ile ya mnanaa kiasi cha punje ya njegere: utando umerudi, lakini midomo haijawaka. Sasa natafuta yenye floridi ya kutosha isiyo na kitoa povu hicho, na nimepangiwa kumwona daktari wa ngozi Jumanne. Nitakwenda na maboksi yote ya dawa za meno pamoja na pakiti ya chai.