Naombeni ushauri: nipunguze wafanyakazi au nikate mishahara?

Mwokaji Moro: Wakuu, nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro, watu 14. Shule mbili za bweni zilizokuwa zinachukua karibu nusu ya mikate zimeacha. Silali. Nipunguze watu au niwakate wote mshahara?

Binti Uluguru: Pole mkuu. Usikate kimyakimya, waite uwaoneshe daftari la mauzo. 2020 hotelini kwetu wageni walipokatika, bosi alituita tukakubaliana zamu nusu, mshahara nusu, tukasaini. Wageni waliporudi, jikoni tulikuwa walewale. Jirani zetu waliofukuza walihangaika sana kupata wapishi.

Kisu Butu: Mikate ina presha mkuu, fuga kuku. Mimi nilianza na vifaranga 200 uani kwa mama, leo nasomesha.

Mzee wa Msamvu: Mashine anazijua nani? Huyo usimguse kabla hajafundisha wengine wawili.

Mwokaji Moro: Barua nimeshatoa Ijumaa, kwa watatu. Fundi wa oveni yumo, mshahara wake ndio mkubwa kuliko wote. Ila shemeji yangu amekaa naye miezi miwili, kazi anaijua.

Mzee wa Msamvu: Kumbe ushaamua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka utoe taarifa ya kusudio, ueleze sababu, mshauriane KABLA. Wana siku 30 za kwenda kulalamika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi. Umepiga hesabu hiyo?

Mwokaji Moro: Mzee, mkopo ni wangu, nyumba iliyowekwa dhamana ni yangu. Halafu yule fundi alikuwa mgumu, hakutaka kumfundisha shemeji.

Nyota ya Kihonda: Ngoja. Juu shemeji kazi anaijua, hapa hakufundishwa. Hii chai.

Kisu Butu: Chai kabisa, hata sukari haina.

Binti Uluguru: Na kama ni kweli? Kuna watu watatu wamekaa nyumbani na barua.

Mwokaji Moro: Si chai. Leo alfajiri oveni imegoma, unga umechachuka mpaka ukamwagika, shemeji kasimama tu anaiangalia. Wenye maduka wameondoka mikono mitupu. Nimpigie fundi nimwambieje?

Mzee wa Msamvu: Usipige. Nenda kwake na barua ya kufuta ile ya kwanza.

Binti Uluguru: Na wale wawili?